Pambizo za ukurasa: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kaunta ya steshenari, Tanga

Maswali haya wanayarudia wateja wanaokuja kuchapa, kuprinti na kubaindi kazi zao hapa Ngamiani: wanafunzi wa vyuo, walimu, makatibu wa misikiti na makanisa, na watu wenye mikataba ya mashamba ya Muheza na Pangani. Majina ya vitufe tumeyaacha kama yanavyosomeka kwenye skrini, kwa sababu kompyuta nyingi mjini zimewekwa kwa Kiingereza. Hatua zinafuata programu ya Word. Penye tofauti ya LibreOffice Writer au Google Docs tumeitaja.

## Ya kuanzia

Pambizo ni nini, na ina kazi gani?

Ni nafasi tupu kati ya ukingo wa karatasi na maandishi, pande zote nne. Wengi wanaiona ni karatasi inayopotea bure, lakini ndiyo sehemu inayofanya kazi nyingi kuliko wanavyodhani. Hapo ndipo kidole kinaposhika bila kuziba neno. Hapo ndipo mwalimu au msimamizi wako anapoandika maoni, pancha inapotoboa, na spairo (ule waya au plastiki ya kufungia kurasa) inapopita. Printa nazo haziwezi kufika ukingoni kabisa.

Kwa hiyo kabla hatujamjibu mtu sentimita ngapi, tunamuuliza kwanza karatasi itafanywa nini ikishatoka. Itabaindiwa? Itaingia kwenye faili la ofisi? Itakunjwa iwe kijitabu? Jibu la hapo ndilo linaloamua vipimo.

Pambizo ya kawaida ni sentimita ngapi?

Word kuanzia toleo la 2007 inaanza na sentimita 2.54 kila upande, yaani inchi moja. Google Docs nayo ni 2.54. LibreOffice Writer inaanza na sentimita 2. Word ya 2003 na za kabla yake ziliweka karibu 3.18 kushoto na kulia, na ndiyo maana faili la zamani likifunguliwa leo linaonekana limebanwa pande mbili.

Tofauti hizi zinaeleza kwa nini kazi ileile inatoka kurasa 12 kwako na 11 kwa mwenzako. Hakuna kilichofutika. Upana wa mstari tu ndio umebadilika.

Nianze kuweka pambizo au ukubwa wa karatasi?

Ukubwa wa karatasi, kila mara. Steshenari zetu zinatumia A4, ambayo ni sentimita 21 kwa 29.7. Lakini kompyuta iliyowekwa kwa mipangilio ya Marekani hufungua faili jipya kwa ukubwa wa Letter, yaani sentimita 21.59 kwa 27.94. Letter ni pana kidogo na fupi zaidi. Ukipanga pambizo vizuri kwenye Letter halafu ukaprinti kwenye A4, vipimo vyako vyote vimeshahama.

Nenda "Layout", kisha "Size", uhakikishe panasomeka A4. Ni kazi ya kubofya mara mbili, na inaokoa malalamiko mengi kuliko jambo lolote jingine kwenye ukurasa huu.

Niweke kabla ya kuchapa kazi au baada ya kumaliza?

Kabla. Ukibadilisha pambizo mwishoni, majedwali yanachomoza nje, picha zinaruka ukurasa, na yaliyomo uliyoyapanga kwa mkono yanakuwa na namba za uongo. Kama umeshachelewa, badilisha pambizo kwanza, ndipo urekebishe majedwali, na yaliyomo yawe ya mwisho.

## Kuweka na kupima

Naziweka wapi?

Kwenye Word bofya "Layout" (matoleo ya 2007 hadi 2013 yameandika "Page Layout"), kisha "Margins". Utaona vipimo vilivyo tayari. "Normal" ni 2.54 kote, "Narrow" ni 1.27 kote. Kama hitaji lako halimo, shuka chini kabisa kwenye "Custom Margins" uandike namba zako.

Kwenye Writer nenda "Format", kisha "Page Style", kisha ukurasa wa "Page". Kwenye Google Docs ni "File", kisha "Page setup". Kama Google Docs haionyeshi pambizo kabisa, faili lako limewekwa "Pageless", yaani halina kurasa. Palepale kwenye "Page setup" chagua "Pages".

Mwongozo wangu umeandika sentimita, kompyuta inaonyesha inchi. Nifanyeje?

Usipige hesabu. Ndani ya kisanduku andika 4 cm, pamoja na herufi hizo mbili, na Word itageuza yenyewe. Ukitaka sentimita zibaki moja kwa moja, fungua "File", "Options", "Advanced", shuka hadi "Display", ubadilishe kipimo.

Tahadhari moja: ukiandika 4 peke yake kwenye kompyuta ya inchi, umeomba sentimita 10.16, karibu nusu ya upana wa A4.

Nimevuta rula ya juu lakini aya moja tu imesogea. Kwa nini?

Kwa sababu umevuta alama ya kuingiza aya, si pambizo. Vile vipembetatu viwili vidogo vilivyo kushoto kwenye rula ni vya aya uliyosimama nayo tu. Pambizo ni pale rangi ya kijivu inapokutana na nyeupe. Weka kishale hapo hadi kigeuke mshale wenye ncha mbili, ndipo uvute. Hata hivyo, kwa kazi inayopimwa na mtu mwingine tumia "Custom Margins" uandike namba, maana mkono kwenye rula haulengi sawasawa.

Na tafadhali usitengeneze pambizo kwa kubonyeza nafasi mwanzoni mwa kila mstari. Faili la namna hiyo, ukibadilisha saizi ya herufi tu, linavurugika lote, na mwenye kazi analipia kuchapiwa upya.

Nilitaka kubadilisha ukurasa mmoja, zimebadilika zote. Mwenzangu yamemkuta kinyume chake.

Jibu liko chini ya dirisha la "Custom Margins", kwenye "Apply to". "Whole document" inabadilisha faili zima. "This section" inabadilisha sehemu uliyomo tu. "This point forward" inaanzia ulipo hadi mwisho.

Word haina pambizo za ukurasa mmoja mmoja, ina pambizo za sehemu. Ukitaka ukurasa mmoja uwe tofauti, ni lazima uwe sehemu yake: weka mpaka kabla yake na mpaka baada yake, kwa "Layout", "Breaks", "Next Page". Bofya alama ya ¶ kwenye "Home" uione mipaka hiyo. Faili likikataa kutii, mara nyingi kuna mpaka wa zamani umejificha humo.

Naweza kuweka pambizo kwa simu?

Ndiyo. Word na WPS za simu zina sehemu ya mpangilio wa ukurasa. Kwa barua au CV inatosha kabisa. Ripoti yenye majedwali na namba za kurasa za aina mbili, imalizie kwenye kompyuta.

Kila faili jipya linarudi kwenye vipimo vya zamani.

Ndani ya dirisha la "Custom Margins" kuna kitufe "Set As Default". Weka vipimo vyako, kibofye, ukubali. Usifanye hivyo kwenye kompyuta ya watu, kama ya steshenari au maktaba, kwa sababu anayefuata atachapa barua kwa pambizo za tasnifu yako.

## Kazi za chuo na kubaindi

Kwa nini chuo kinataka kushoto sentimita 4 na kwingine 2.5?

Kwa sababu kushoto ndiko kazi itakakofungwa. Matundu ya spairo yanachukua karibu sentimita 1 ya karatasi. Kwenye hadikava, yaani jalada gumu, nafasi zaidi inamezwa na mkunjo, maana kitabu kipya hakifunguki hadi ndani. Ukianza na 4, msomaji anabakiwa na pambizo inayolingana na ya kulia.

Inatuuma kumrudishia mtu ripoti ya mafunzo kwa vitendo ambayo herufi za mwanzo wa kila mstari zimeingia kwenye spairo, na ni siku ya mwisho ya kukusanya. Vipimo kamili vinatofautiana chuo hadi chuo, kwa hiyo njoo na mwongozo wa chuo chako, usije na ripoti ya rafiki wa chuo kingine.

"Gutter" ni nini? Niijaze?

Ni nafasi ya ziada ya kubaindia, inayojumlishwa juu ya pambizo. Hapo ndipo wengi wanapoumia. Mwanafunzi anaweka kushoto 4, halafu anaona "Gutter" iko sifuri anaandika 1.5. Kushoto kwake sasa ni 5.5, na mstari uliopaswa kuwa na upana wa sentimita 14.5 umebaki 13. Kurasa zinaongezeka, na gharama ya kuprinti nayo.

Chagua njia moja. Ama kushoto 4 na "Gutter" sifuri, ama kushoto 2.5 na "Gutter" 1.5. Matokeo ni yaleyale.

Nikiprinti pande zote mbili za karatasi?

Pambizo pana haiwezi kubaki kushoto kila ukurasa, kwa sababu nyuma ya karatasi upande wa kufunga ni kulia. Kwenye "Custom Margins", palipoandikwa "Multiple pages", chagua "Mirror margins". Maneno "Left" na "Right" yatageuka "Inside" na "Outside". Ile 4 iweke "Inside". Kabla ya hapo hakikisha chuo kinakubali pande mbili, maana vingine vinataka upande mmoja tu.

Nina jedwali pana. Nawezaje kulaza ukurasa mmoja katikati ya ripoti?

Ufanye uwe sehemu yake, kama ilivyoelezwa kwenye swali la kubadilisha ukurasa mmoja, kisha "Orientation", "Landscape". Ukurasa ukilala, Word inazungusha pambizo zako pamoja nao, na hapo ndipo pa kuwa macho. Kwa kazi iliyoprintiwa upande mmoja na kufungwa kushoto, kichwa cha jedwali kinapaswa kuelekea kwenye spairo, ili msomaji azungushe ripoti kidogo kwa mkono wa kulia na kuanza kusoma. Kwa hiyo pambizo ya sentimita 4 inatakiwa iwe juu ya ukurasa uliolala. Angalia, na kama imehamia chini, irudishe juu kwa mkono.

Msimamizi amepima kwa rula, amekuta 3.9 badala ya 4.

Karibu kila mara ni printa imepunguza ukurasa. Tazama swali la kupunguza ukubwa, kwenye mambo ya printa.

## Barua, mikataba na mitihani

Barua ya kwenda ofisini niipe pambizo gani?

Barua ya ofisi inaishia kwenye faili, na kabla ya kuingia faili inatobolewa. Pancha ya kawaida ya matundu mawili inaweka kitovu cha tundu milimita 12 kutoka ukingoni, na tundu lenyewe lina kipenyo cha milimita 6. Maana yake milimita 15 za kushoto zimeshakwenda. Ukiweka "Narrow", yaani 1.27, pancha itakula herufi. Baki na 2.5 kushoto, na usishuke chini ya 2 kwa hali yoyote.

Tuna karatasi zenye nembo tayari. Ukurasa wa kwanza unaanzia chini, wa pili unaanzia juu. Inawezekana?

Inawezekana bila kugawa sehemu. Chukua rula, pima kutoka ukingo wa juu hadi mstari wa mwisho wa nembo na anwani, uongeze sentimita 1. Tuseme imefika 5. Acha pambizo ya juu iwe 2.5, kisha bofya mara mbili sehemu ya juu kabisa ya ukurasa, uweke alama kwenye "Different First Page". Ndani ya kichwa cha ukurasa wa kwanza ongeza mistari mitupu hadi maandishi ya barua yasukumwe chini kufikia 5. Word haikubali kichwa kigongane na maandishi, inashusha maandishi. Ukurasa wa pili unabaki na 2.5 yake.

Ijaribu kwanza kwa karatasi tupu, uishike pamoja na ile yenye nembo kuelekea dirishani. Karatasi za nembo ni za gharama.

Kwenye mkataba, sahihi zimebaki peke yake ukurasa wa mwisho. Nipunguze pambizo zirudi?

Hili tunaliomba kila mtu alisikilize. Ukurasa wenye sahihi tu, bila neno la makubaliano, ni hatari: unaweza kuchomolewa na kubandikwa kwenye mkataba mwingine. Umekuja kuuziana shamba la minazi na nduguyo, mnaaminiana, lakini mkataba utawatumikia na watoto wenu.

Kupunguza pambizo kunaweza kuzirudisha sahihi, ila mara nyingi kunaacha ukurasa uliojaa hadi chini, hapana pa muhuri wala pa dole gumba. Njia bora ni kushusha kifungu cha mwisho kikae pamoja na sahihi. Chagua aya ya kifungu hicho na mistari ya sahihi yote isipokuwa wa mwisho, fungua "Paragraph", "Line and Page Breaks", weka alama kwenye "Keep with next". Vitatembea pamoja popote.

Pambizo ya chini ya mkataba tunaipa sentimita 3, ili kila mhusika apate pa kuweka saini ndogo kwenye kila ukurasa bila kugusa maandishi. Namba ya ukurasa iandikwe kwa namna ya "2 kati ya 4", ukurasa ukikosekana ijulikane.

Mwalimu anataka mtihani ubane, karatasi ni ghali. Tunaweza kwenda "Narrow"?

Tunaweza, na unaokoa kweli. Kwenye A4, kutoka 2.54 kwenda 1.27 eneo la kuandika linaongezeka kwa karibu asilimia 28, kwa hiyo kurasa 10 zinakuwa kama 8. Kwa shule yenye mamia ya wanafunzi hizo ni rimu kadhaa.

Lakini mstari sasa una sentimita 18 na zaidi, na jicho la mtoto linapotea likirudi mwanzo wa mstari unaofuata. Maswali ya kuchagua yapange kwa safu mbili, mistari iwe mifupi. Na kama wanafunzi wanajibu kwenye karatasi hiyohiyo, acha kulia sentimita 2.5, mwalimu apate pa kuandika alama.

## Printa na karatasi

Printa imekata maandishi ya pembeni, au namba za kurasa zimekatika chini.

Printa nyingi za ofisi haziwezi kuweka wino kwenye milimita 3 hadi 6 za mwisho za karatasi. Word ikikuonya kwamba pambizo ziko nje ya eneo la kuprintika, bofya "Fix", usibofye "Ignore". Namba za kurasa zina kipimo chao: "Layout" ndani ya dirisha la pambizo, palipoandikwa "From edge". Kawaida ni 1.27. Mtu akiishusha hadi 0.4 ili apate mistari zaidi, printa inakata tumbo la namba.

Kupunguza ukubwa: kwa nini karatasini vipimo si vile vya kwenye skrini?

Programu ya kufungulia PDF mara nyingi inaprinti kwa "Fit", yaani inashusha ukurasa uingie ndani ya eneo la printa. Chagua "Actual size". Sababu ya pili ni faili la Letter kwenye A4: Word inalipunguza yenyewe hadi karibu asilimia 97, na hapo pambizo ya 4 inakuwa 3.9, herufi za 12 zinakuwa kama 11.7. Dawa yake iko kwenye swali la ukubwa wa karatasi.

Nimetuma kwa WhatsApp, kwenu limefunguka tofauti.

Faili la Word linajipanga upya kila linapofunguliwa, kwa kufuata aina za herufi zilizopo kwenye kompyuta hiyo. Herufi ikikosekana, nyingine inawekwa, mistari inahama na kurasa nazo. Pambizo huwa ziko palepale, yaliyohama ni yaliyomo ndani yake. Tuma PDF ya kuprinti, na Word uitume kama unataka turekebishe.

Maandishi yametoka yamepinda, pambizo pana juu na nyembamba chini.

Faili halina kosa. Vishikizo vya trei havijabana karatasi, inaingia imelala upande. Msimu wa masika, rimu iliyoachwa wazi inavuta unyevu wa hewa ya bahari, karatasi zinajikunja kingo na kuingia vibaya. Toa, pepeta, geuza, bana vishikizo. Rimu iliyofunguliwa irudishwe kwenye mfuko wake.

## Yasiyo ya kila siku

Tunataka kijitabu cha kasida za maulidi, A4 iliyokunjwa katikati.

Kwenye "Multiple pages" chagua "Book fold". Word inalaza A4 na kuigawa mara mbili, kila ukurasa ukiwa na upana wa sentimita 14.85, na inapanga kurasa zenyewe. Hakikisha jumla ya kurasa inagawanyika kwa 4, la sivyo utapata kurasa tupu mwishoni.

Vipimo vya A4 usivihamishie humu. Ndani na nje 1.5 hadi 2 vinatosha. Usishuke zaidi nje, kwa sababu karatasi za katikati zikikunjwa huchomoza, na kingo zikikatwa zilingane, ukurasa wa katikati unapoteza milimita kadhaa.

Masomo ya madrasa ni ya Kiarabu. Pambizo ya kufungia iwe wapi?

Kulia. Kitabu cha Kiarabu kinafunguliwa kutoka kulia, kwa hiyo huko ndiko kwenye spairo. Ukiprinti upande mmoja, weka kulia 3.5 au 4, kushoto 2.5, "Gutter" iache sifuri. Ukimwachia fundi wa kubaindi, mwambie kwa mdomo na umwekee alama ya kalamu ukingoni, maana mkono wake umezoea kushoto.

Kazi yenye Kiarabu na Kiswahili pamoja iamue kwa lugha inayoanzia jalada. Kasida za Kiarabu zenye tafsiri chini yake zinafungwa kulia. Kitabu cha Kiswahili chenye aya za Kiarabu hapa na pale kinafungwa kushoto.

Fremu ya cheti inatoka pande tatu, ya chini haionekani.

Fremu ya ukurasa haifuati pambizo. Word inaipima kutoka ukingo wa karatasi, kwa kawaida pointi 24, ambazo ni kama milimita 8.5. Kama mtu ameipunguza, au printa yako inaacha nafasi kubwa zaidi chini, mstari wa chini haufiki karatasini. Fungua "Design", "Page Borders", "Options", uongeze kipimo cha chini hadi kufikia 31, ambacho ndicho cha juu kabisa kinachokubaliwa. Isipotosha, badilisha "Measure from" iwe "Text". Hapo fremu itafuata maandishi, na pambizo za 2 au 2.5 zitaiweka ndani salama.